Damu ya Wifi Kwenye Kadi Yangu

Naikumbuka Jumatatu moja ya msimu wa karafuu, wajukuu zangu, nina mimba ya baba yenu Omar. Siku hiyo ilikuwa ya kliniki, na mie sitaki kudungwa. Nilikuwa nachoka ovyo, natafuna udongo kwa siri, nikajiambia: damu yenyewe kidogo, nikawape na hiyo? Skuli sikufika mbali, ndiyo akili nilokuwa nayo.

Basi nikampa kadi yangu wifi yangu Mwanaidi. Kimo chetu kimoja, na akishavaa buibui akafunika uso, hata kaka yake, ndiye mume wangu, alikuwa akimwita kwa jina langu. Akaenda, akatoa kidole, akarudi anacheka. "Wifi, damu yako nzuri. Umesifiwa."

Wiki ya tatu niko juani, naanika karafuu jamvini. Moyo ukaenda mbio, macho yakaingia kiza, nikaanguka palepale. Nikapelekwa spitali. Mkunga alikuwa Bi Zuhura Faki wa Mtambile, mtu wa maneno machache. Akanivuta kope ya chini akaona ndani peupe, akatazama kadi inayosema damu nzuri, akarudi kwenye jicho. Akauliza kadi hii ya nani. Mwanaidi ndiye alosema, huku analia.

"Basi nilimpima mzima," akasema Bi Zuhura, "nikamwacha mgonjwa nyumbani. Na huyu tumboni anakula kwako, hali kwa Mwanaidi."

Nikatoa kidole changu mwenyewe.

Akanidunga. Tone likaingia kwenye kijibomba chembamba cha gilasi, kikazungushwa kwa mashine, akanionyesha: wekundu umekaa chini, maji ya manjano juu. Wekundu ule ndio unaobeba pumzi mwilini, na wangu ulikuwa haba. Tone lenyewe, wanangu, ukijikata ukimenya muhogo unamwaga zaidi.

Nikaongezewa damu, nikakutwa na minyoo, nikapewa dawa na vidonge. Omar akazaliwa mdogo, wa kushikika kwa mkono mmoja. Siku nyingi niliogopa kumwita jina, nikihofu hataishi.

Sasa nakwambieni, nendeni mkapimwe wenyewe. Mkipewa namba ya damu yenu, msiitie kwenye mkoba mkaondoka. Ulizeni, kwa mtu kama mie iko chini, iko sawa, au imezidi? Maana kuzidi nako si sifa, na mtu aliyekaukiwa na maji damu yake huonekana nyingi kuliko ilivyo. Halafu ulizeni sababu. Namba inasema damu imepungua, haisemi imekwenda wapi. Pengine minyoo, pengine malaria, pengine hedhi nzito au chakula. Na kama mnatafuna udongo, semeni. Mkunga keshawasikia wengi kabla yenu.

Mwenyezi Mungu akupeni miili yenye nguvu, akupeni ulimi wa kusema kweli mbele ya anayekutibuni, na kila mwenye mimba amjaalie ajifungue salama, yeye na mwanawe. Amin.