Tarakimu ya Mzani

Nimefundisha desimali kwa miaka kumi na moja na sijawahi kuzipenda. Sehemu zina afadhali: unakata chungwa, unagawa, watoto wanakula, somo linaisha kwa heri. Desimali haina chungwa. Ni nukta tu ubaoni, na kwa chaki tulizo nazo nukta yenyewe hufutika ukipitisha kiwiko vibaya.

Mimi ni wa Shinyanga mjini, Kambarage, na nilidhani nitafundisha hukohuko karibu na mama yangu mpaka nistaafu. Nikapangiwa upande wa Geita, kwenye shule isiyo mbali na Katoro, mahali ambapo sauti ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huanza kabla ya kengele ya shule na huendelea baada yake. Darasa langu la sita lilikuwa na watoto tisini na wawili. Nyumbani wengi waliongea Kisukuma, na Kiswahili cha hesabu kilikuwa kitu wanachokivua pamoja na sare.

Siku moja niliwapa maswali kumi ya kujumlisha na kutoa. Nikarudi na madaftari nyumbani, nikaanza kusahihisha. Swali la kwanza lilikuwa 2.47 kujumlisha 1.38. Jibu ni 3.85, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa makosa ninayoyafahamu: wasiopanga nukta chini ya nukta, wanaosahau kubeba moja. Daftari la kwanza likasema 3.7. La pili 3.7. Nilipofika la ishirini nikaanza kuamini wamenakiliana, na hasira zangu huwa ziko karibu. Lakini hata waliokaa pembe mbalimbali za darasa walikuwa wamekosea vilevile. Walichukua 2.4 na 1.3, wakajumlisha bila kosa lolote, na tarakimu ya mwisho ya kila namba wakaiacha kana kwamba sikuiandika.

Kesho yake niliwasimamisha. Nikawaita wavivu, nikasema mengine ambayo leo siyarudii. Nikauliza nani kawafundisha kutupa namba za mwalimu. Aliyejibu alikuwa msichana wa dawati la mbele, mtoto wa mama mmoja anayeosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza. Huyu binti alikuwa na kichwa ambacho mwalimu hukipata mara moja au mbili katika maisha yake, na mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mwaka unaofuata atafaulu darasa la saba hata kama nitamfundisha peke yake jioni.

Akasema taratibu, "Mwalimu, ile ya mwisho ni ya mzani."

Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Walinionea huruma kidogo, nafikiri, kwa kutojua jambo dogo hivyo.

Jumamosi nikaenda kujionea. Mwaloni, pale wanawake wanapooshea, palikuwa na kibanda cha mwenye mwalo, ambaye ndiye pia mnunuzi. Mzani wake ulikuwa mdogo, wa kioo chenye namba. Mama yake yule binti alipoweka dhahabu yake, kioo kiliandika 1.18. Mnunuzi akasema moja na pointi moja, akaandika hivyo. Hakuficha kioo, hakufanya haraka. Huko gramu hukatwa mara kumi na kila kipande huitwa pointi, na kilicho chini ya pointi hakina hata jina. Nilimuuliza ile nane imekwenda wapi. Akanijibu kwa adabu kwamba mzani nao unakula, ndivyo alivyokuta, na akaniagizia soda.

Sikuinywa. Nilirudi nimevimba, na Jumatatu nilifundisha somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Nilimwita binti ubaoni nikamuuliza kama anakumbuka kioo kilisoma nini siku walizokwenda kupima. Akaandika sita bila kusita: 1.47, 0.88, 2.06, 1.39, 0.75, 1.18. Alikuwa akizikumbuka zote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimshikia mama yake kikopo. Tukazipanga nukta chini ya nukta, tukajumlisha. Ikawa 7.73. Pembeni tukajumlisha zile za mnunuzi, ikawa 7.3. Kisha nikawaambia watoe, na hapo ndipo walipolazimika kuongeza sifuri mwishoni, 7.30, jambo ambalo nilikuwa nimelipigia kelele majuma matatu bila mafanikio. Safari hii walielewa kabla sijamaliza sentensi. Baki ni 0.43. Haba na haba, nikasema, na watoto tisini na wawili wakamalizia wenyewe. Nilitoka darasani nikiwa na furaha ya kijinga. Hata ofisini nilisimulia.

Jumamosi iliyofuata binti alisimama mbele ya mzani na mama yake, na mnunuzi aliposoma, yeye akasoma tena, kwa sauti, mpaka tarakimu ya mwisho. Hakuwa na ujeuri, nimethibitishiwa na wengi. Alisoma kama ninavyowataka wasome ubaoni, sauti juu, kidole kwenye namba. Wanawake wawili kwenye foleni wakauliza na za kwao. Mnunuzi hakugomba. Alimaliza kupima, akamwambia mama mtu kuanzia Jumatatu atafute mwalo mwingine.

Mialo mingine ilikuwa na wanawake wake. Mama akapata nafasi mbali, njia ya kuelekea Ushirombo, na kwa sababu mbali ni mbali, mtoto akaenda naye kumbebea mchanga. Wiki ya kwanza niliweka alama ya kutohudhuria kwenye rejista nikijiambia atarudi. Wiki ya pili nikaacha kula vizuri. Mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya, alinikumbusha kwamba madawati tuliyonayo aliyatoa mwenye mwalo, na kwamba mimi nilitumwa kufundisha silabasi, sikutumwa kukagua mizani.

Wiki ya tatu mama mwenyewe akaja. Nilimwamkia, maana ni mkubwa kwangu, akaitikia marahaba huku ameinama kama mwenye kosa ni yeye. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alinieleza kwamba ameshakwenda kumwomba mwenye mwalo, naye amekubali kumrudisha, na mtoto atarudi shule, ila huyo mwenye mwalo anataka jambo moja. Anataka mwalimu aende akasome mzani mbele ya watu, kama anavyousoma yeye.

"Mnyonge hana haki, mwalimu," akasema. "Lakini tumbo analo. Nisaidie."

Nilijaribu kumwambia kwamba mtoto wake hakukosea. Akaniambia anajua. Wote wanajua, akasema, hata kuku wa pale mwaloni wanajua, na mimi ndiye mtu pekee niliyeona ni habari.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa, au kwamba nilikwenda wilayani kushitaki. Nilifikiria vyote viwili. Nilihesabu ni miezi mingapi shauri litachukua, na ni siku ngapi mtoto anaweza kukosa shule kabla hajazoea kukosa. Katika ukanda wetu huu mtoto wa kike aliyeondoka shule kwa mwezi mmoja harudishwi na barua. Kwa hiyo nikaenda. Nilivaa gauni ninalovaa siku za wageni, sijui kwa nini.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Nadhani walikuwa wameambiwa. Mnunuzi alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kiti, akanigeuzia kioo. Mama akaweka dhahabu yake. Binti alikuwa pembeni yake, amevaa sare ingawa ilikuwa Jumamosi, kwa sababu mama yake alitaka nione kwamba yuko tayari kurudi.

"Mwalimu," mnunuzi akasema, "leo tusomee wewe."

Kioo kiliandika 1.69. Nilikitazama kwa muda mrefu, nikiomba upepo ukisogeze, kirudi nyuma angalau kiwe na sifuri mwishoni ili nisiwe mwongo. Hakikusogea. Binti naye alikuwa akikisoma; niliona midomo yake ikicheza. Nikasema moja nukta sita. Mnunuzi akaandika. Wanawake wakasogea mbele hatua moja, foleni ikaendelea.

"Wabeja, mwalimu," mama akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wabeja ni asante. Sijawahi kushukuriwa kwa moyo kama ule, wala kuona aibu kama ile, na vyote vilinipata kwa mkono mmoja.

Jumatatu binti alikuwa kwenye dawati lake la mbele. Aliniamkia pamoja na wenzake, sauti ileile. Somo lilikuwa kutoa, nami nikaandika ubaoni 5.00 kutoa 3.26, kisha nikapita kati ya madawati kuwaangalia wanavyofanya. Nilipomfikia nilikuta ameandika swali na kuchora mstari chini yake, hajaendelea. Nikamuuliza kuna nini. Akainua uso, na nilitafuta usoni mwake nyodo au hasira, chochote ambacho ningestahili, nisikione. Aliuliza kama mtoto anayetaka kupata swali.

"Mwalimu, leo tunatoa zote, au tunatoa kama ulivyosoma Jumamosi?"

Nikamwambia zote. Akashukuru, akaandika 1.74, kwa mwandiko wake mzuri, nukta chini ya nukta. Nikamwekea vema. Kisha nikasimama palepale na kalamu yangu nyekundu, kwa sababu nilikuwa nimeona alivyonitazama kabla ya kuandika: alikuwa ananikubalia tu, kama wanawake wa foleni wanavyomkubalia mwenye mzani.