Mashine Iliyoganda Mususa, Ikapona Beni

Kompyuta yetu ilianza kuganda wiki ile niliyoketi mbele yake kwa mara ya kwanza tangu msiba, niandike maisha ya mke wangu. Mshale ulisimama katikati ya neno, na saa ndogo ya pembeni ikabaki saa tatu na dakika ishirini, huku saa yangu ya mkono ikiendelea na safari yake. Nikabonyeza kila kinachobonyezeka. Mwishowe nikaizima kwa nguvu, na kurasa mbili zikaenda nayo. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja, kwa sababu nilikuwa karani wa shule miaka mingi mbele ya mashine ya kupiga chapa, na kule kilichopigwa kimepigwa.

Kwetu mtu akizikwa, mmoja wa familia husimama akasoma maisha yake: alizaliwa wapi, alibatizwa na kuolewa lini, alizaa wangapi. Siku ya mke wangu sikuweza hata kushika karatasi, basi shemeji yangu akaandika na kusoma yeye. Mistari sita! Mimi niliwahi kuandika zaidi ya hapo juu ya mwanafunzi mtoro. Nikasema mbele ya watu wote kwamba misa ya mwaka mmoja ikifika nitasoma mimi, na nitasoma yote. Sasa misa ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka siku hizi, na mwandiko wangu hata mimi siusomi. Bila kompyuta ile, mke wangu angebaki na mistari sita.

Nikajifunza kuhifadhi kila sentensi, haba na haba. Ikaganda tena, na tena. Nikafungua daftari, nikaandika saa ya kila mgando, maana ukarani haumtoki mtu: saa tatu na nusu, saa tano kasoro kumi, saa nane. Sikuona mpangilio wowote. Nikaanza kuitukana, kisha nikaanza kuibembeleza. Huo ndio ugonjwa wa mtu anayekaa peke yake, anagombana na vitu vya nyumbani.

Jirani yangu seremala alinisikia kupitia ukuta, akaja.

“Ni kuran, papa,” akasema, akimaanisha umeme. “Kuran ya huku iko zaifu.”

Nikanunua kifaa cha kutuliza umeme. Kompyuta ikaganda huku taa ya kijani ya kile kifaa ikiwaka vizuri kabisa. Jirani akarudi akisema ni virusi, tukasafisha virusi. Siku nyingine akauliza, “Na kama iko nasikia moto?”

Nilimcheka. Hapa Mususa, mtaa wetu wa Butembo, tunavaa sweta mpaka saa nne asubuhi, na mgeni akitoka Beni anaomba blanketi la pili.

“Moto iko Beni,” nikamwambia. “Huku hata kuku iko natetemeka.”

Binti yangu ni muuguzi, anaishi Beni na mume na watoto wanne. Akanipigia simu.

“Papa, lete ile mashini huku. Kuko fundi mumoja muislamu, karibu na soko, anajua sana. Na weye ukuye ubaki. Kule Mususa uko nabaki na nani?”

“Niko na kazi,” nikajibu.

Nikaizungushia mashine blanketi. Kitambaa chake nilikiacha nyumbani. Butembo hakuna nyumba ambamo redio au televisheni inakaa uchi, kila kitu kinavalishwa, na mke wangu alikuwa amekivalisha kile kisanduku cha kompyuta vizuri kuliko alivyonivalisha mimi. Juu alifuma kwa uzi mweupe, ndani akashona kitambaa kizito cha buluu kwa ajili ya vumbi la barabara yetu, na kikashuka pande zote mpaka mezani. Mbele aliacha tundu dogo lenye ukingo ulioshonwa vizuri, ili kidole kifikie kitufe cha kuwashia. Sikutaka vumbi la safari likiguse.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari aligonga blanketi lililokuwa juu ya magoti yangu. “Papa, oyo nini?” akauliza kwa Kilingala, hii ni nini.

“Ni mashini. Iko mugonjwa.”

Akacheka, akatuachia njia.

Fundi wa Beni alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia iliyotariziwa na mikono mitulivu. Alifungua ubavu wa kisanduku, akapuliza, akachomoa kipande cha kumbukumbu, akayasugua meno yake ya shaba kwa gome, ile ya kufutia penseli shuleni. Akakirudisha.

“Meno yake ilikuwa muchafu tu, mzee. Enda na amani.”

Siku tatu mashine ilikaa kwenye meza ya binti yangu, katikati ya sahani, na joto la Beni likiingia kwa dirisha. Wajukuu walicheza karata humo toka asubuhi hadi jioni. Haikuganda hata mara moja. Mimi sikuandika neno, kwa kelele zile, ila nilikula na watu, na siku tatu hizo sikuongea na ukuta.

“Unaona, papa?” binti yangu akasema. “Hata mashini inapenda fasi kuko batu. Baki.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini iliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo, kwamba hata mashine inapenda mahali penye watu. Nikamkumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe langu lilikuwa Mususa. Akanifungia mihogo na samaki, akaniangalia nikipanda gari.

Nyumbani niliiweka mahali pake, nikaivalisha, nikaiwasha kwa kupitisha kidole katika lile tundu. Niliandika jinsi tulivyokutana sokoni Luofu, nikafika pale aliponicheka viatu vyangu. Mshale ukasimama. Ilikuwa Jumatano, na misa ilikuwa Jumamosi. Nililia, sioni haya kusema. Niliona kweli kwamba nyumba hii haitaki tena kitu chochote kiishi ndani yake.

Nikampigia fundi.

“Mzee, inabloke nyuma ya dakika ngapi?”

Nikafungua daftari nione huganda baada ya muda gani. Nilikuwa nimeandika saa za kuganda tu, saa za kuwasha sikuandika hata moja. “Sijuwe,” nikasema.

“Donc, weka mukono juu yake. Iko moto?”

“Vuguvugu kidogo.”

“Juu ya chuma, mzee.”

“Juu ya chuma kuko kitambaa.”

Akauliza, “Kitambaa ya nini?”

“Ya bibi yangu,” nikajibu, maana kwetu bibi ni mke.

“Itoshe, mzee, iondoe,” akasema polepole. “Mashini iko nakosa pumuzi.”

Nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Chuma kilikuwa cha moto kama birika.

Hapo ndipo nilipomwona. Kila nilipoketi mbele ya kompyuta ile, mke wangu alikuja, akaondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakaa kwenye kiti cha pembeni akikipakata, akachambua maharage yake. Nikimaliza, aliweka kiganja juu ya chuma, akangoja, ndipo akaivalisha. Niliwahi kumwuliza anangoja nini. “Mukate ya moto hapana funika,” akasema, nami nikaendelea na gazeti langu. Baada ya matanga, dada zake walisafisha nyumba, wakaivalisha mashine vizuri, wakaenda zao. Tangu siku hiyo, ukiacha safari ya Beni, hakuna mkono uliokiinua kile kitambaa. Mimi nilitumia tundu. Karani mzima, na daftari langu la saa, sikuandika kitu pekee kilichokuwa kimebadilika katika chumba kile.

Nikakiondoa, nikakikunja mara nne. Nikabaki nacho mikononi, sijui pa kukiweka, mwishowe nikakilaza juu ya kiti chake. Kisha nikafuta mwanzo wote, wa kuzaliwa na kubatizwa, nikaandika upya: “Kila nilipoketi kufanya kazi, mke wangu alikuja akaondoa kitambaa, na mimi sikugeuka hata mara moja kumwangalia.” Baada ya sentensi hiyo mengine yalikuja yenyewe. Niliandika siku ile, na Alhamisi, na Ijumaa mpaka mchana, kurasa kumi na moja, na mshale haukusimama.

Nilipomaliza, nikaizima, nikaweka kiganja juu ya chuma. Nilidhani ni jambo la dakika mbili. Nilisimama pale mkono ukichoka, nikavuta kiti, nikaketi na kitambaa magotini, nikajaribu tena, bado, nikajaribu tena. Inachukua muda mrefu sana kupoa. Na yeye alikuwa akingoja hivyo kila siku.