Pikipiki Iliyovuliwa Kofia

Juzi pale Silibwet, kwa fundi wa pikipiki, nilimkuta mwalimu mstaafu aliyenunua pikipiki ya zamani iliyoachwa na meneja wa shamba la chai. Fundi alikuwa ameifungua injini yote na kuifunga upya, pistoni mpaka ringi. Alipoipiga kiki ikanguruma, mwalimu akavua kofia kama yuko kanisani.

Mkewe akapita, amebeba gunia la majani chai mgongoni, akielekea kituo cha kupimia.

“Mwalimu, si umbebee mama?” fundi akasema.

“Na haya matope yote? Hii ni ya kuangaliwa!”

Mama hakusimama. “Hata mimi nilikuwa wa kuangaliwa, mpaka akanioa.”

Huku kwetu ng'ombe asiyetoa maziwa huuzwa. Chuma kisichobeba hata gunia moja ndicho tunachokivulia kofia.