Kikombe cha Kwanza ni cha Mama Joviale

Saa kumi na moja alfajiri, kijiji cha Kibati, juu ya mji wa Goma, bado kimejifunika ukungu, na mikono ya Nshobole imezama hadi viwikoni ndani ya hori la mti. Anakanda ndizi mbivu pamoja na majani makavu, makali kama wembe. Anasukuma, anavuta. Anasukuma, anavuta.

Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Ni uji mzito tu wa rangi ya njano unaonata vidoleni. Kisha, ghafla, maji yanatoka. Yanatoka kila upande, yanapanda juu ya vidole, angavu, na harufu yake peke yake inatosha kumwamsha jirani.

Hakuna tone la maji aliloongeza.

"Miaka yote hii, na bado ninashangaa," anasema, akipangusa paji la uso kwa bega. "Ndizi ni kavu. Majani ni makavu. Hii maji inatoka wapi? Uliza Mungu, usiniulize miye."

Huu ndio mutobe, kinywaji cha ndizi ambacho hakijachacha. Nshobole, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, alijifunza kuukamua kwa mama yake huko Kabare, upande wa Bukavu, kabla ya kuolewa na kuhamia Goma. Kwa mutobe amelea watoto watano. Wa kwanza anaitwa Dorine, na ndiyo sababu majirani wote humwita Mama Dorine.

Ndizi zake hufika kwa boti kutoka Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Ili ziive vizuri zinahitaji shimo lenye joto, lakini nani atachimba shimo Kibati? Ardhi yote ni jiwe. Mwaka 2021 volkano ilipolipuka, moto ulishuka ukala nyumba, jiko na migomba aliyokuwa ameanza kupanda. Jiwe lilipopoa, alirudi kutafuta hata sufuria. Hakupata sufuria. Alipata pango dogo ndani ya jiwe jeusi, pana kiasi cha kutosha mikungu kumi.

"Jua likipiga, lile jiwe linashika joto mpaka asubuhi," anasema. "Nikaliambia, sawa, umekula nyumba yangu. Sasa utaniivishia ndizi."

Mumewe, Mirindi, anacheka huku akifunga madumu kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Amekwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi. Kutoka Kibati hadi mjini ni mteremko, na chukudu iliyobeba madumu manne haitaki utani.

"Shika breki, Papa Dorine!"

"Breki ni kiatu changu, na kiatu kimeisha!"

Na anaondoka, akiyumba, akipotea ndani ya ukungu.

Leo ni Jumamosi. Mutobe huu unakwenda kwenye bustani ya michezo iliyo karibu na ziwa, ambako watoto wa Goma huteleza, huruka, na kupanda gurudumu kubwa la chuma linalozunguka juu ya paa za nyumba. Chini ya gurudumu kuna kibanda cha buluu. Ni cha Nshobole, kwa mwaka mzima, bila kulipa kodi.

Saa tatu anafungua. Wateja wamekwisha kupanga foleni. Anajaza kikombe kimoja, anakiweka kwenye ukingo wa nje wa meza, anakifunika kwa kitambaa cheupe. Halafu anakunja mikono.

"Mama, tunakauka!" analalamika kijana mmoja.

"Kaukeni kidogo, mwanangu. Mwenyewe hajafika."

Foleni inaguna, lakini haiondoki. Wengi wanajua anayengojewa ni nani. Walikuwapo siku ile.

Siku ile ilikuwa Sikukuu ya Kuonja, miezi mitatu iliyopita. Bustani ilialika wapishi na watengeneza vinywaji wa Goma na pembeni yake, kila mmoja na meza yake. Mgeni akilipa mlangoni, alipewa jetoni moja nyekundu, kama sarafu ya plastiki. Alionja kila kitu alichotaka, kisha akaitia jetoni kwenye kibuyu cha meza iliyomfurahisha kuliko zote. Mwenye kibuyu kizito angepata kibanda kile cha buluu.

Kwa Nshobole kibanda kilikuwa goti lake. Tangu walipokimbia moto ule wa volkano usiku, goti la kulia halijakaa sawa. Siku nzima alizunguka mtaa wa Birere na dumu mgongoni, akiuza kikombe kimoja kimoja, na jioni alirudi na faranga elfu kumi na mbili na goti lililovimba kama papai. Muuguzi alimwambia wazi: mwaka mwingine wa kubeba, na fimbo itakuwa mguu wako wa tatu.

"Nilikwenda pale na neno moja tu moyoni," anakumbuka. "Kukaa. Niuze nikiwa nimekaa."

Anaeleza asubuhi hiyo kama mtu anayeeleza ndoto. Jibini la Masisi lililokatwa vipande vya dhahabu. Viazi vya Kibumba vikipasuka ndani ya majivu. Sombe, yale majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese mpaka ikang'aa. Kahawa ya kisiwani, nyeusi, ikinukia mpaka kwenye bembea. Juu ya hayo yote, gurudumu likizunguka na kelele za watoto zikishuka kama mvua.

"Nilisema, kumbe Kivu yetu iko na vitu hivi vyote? Siku zote tunahesabu tulichopoteza. Siku ile niliona tulicho nacho, mezani, na mvuke wake."

Lakini watu walipofika kwenye meza yake, walisimama, wakatazama, wakapita.

Huku Kivu, kuanzia Bushi, upande wa Kabare, mpaka Masisi, anayeleta kinywaji hunywa kwanza mbele ya mgeni. Hivyo ndivyo anavyosema: hakuna kitu humu ndani, pokea. Ni heshima, na ni woga wa sumu pia. Karibu kila ukoo una hadithi ya mtu aliyepokea kikombe akarudishwa nyumbani amebebwa. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilikaangwa mbele ya macho ya watu, hakuna aliyeziogopa. Lakini mutobe ulitoka ndani ya dumu, na dumu lina giza.

Nshobole angekunywa kwa furaha, lakini sheria ya sikukuu ilikataza. Kila muuzaji alivaa glovu na barakoa, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu kinywani akiwa mezani pake. Jean-Bosco, kijana msimamizi wa usafi, hakuwa na utani na sheria hiyo. Kipindupindu kilimchukua shangazi yake.

"Nilimwambia mama, ukinywa nitaifunga meza," Jean-Bosco anakubali. "Sikuwa mkatili. Nilikuwa ninawaza watoto wale wote."

Kilichomuuma Nshobole zaidi ni mkono mdogo. Charline, msusi wa nywele kutoka Birere, alipita na binti yake Olive, wa miaka minne. Mtoto aliona vikombe vya mutobe vinang'aa juani, akanyoosha mkono. Charline akaupiga mkono ule, pa!

"Nimekuambia nini? Usipokee!"

Olive akalia. Nshobole akatazama pembeni.

"Sikumchukia yule mama," anasema. "Hata miye nilifundisha watoto wangu vile vile. Lakini siku hiyo ile kofi ilinipiga miye."

Meza ya jirani nayo haikuwa na wageni. Ilikuwa ya Mukamugema, mjane wa miaka hamsini na mitano, anayeuza kivuguto, maziwa ya mgando yanayotoka kwa ng'ombe wa ndugu zake Masisi. Watu humwita Mama Joviale. Maziwa yake yalikuwa meupe, mazito, ndani ya vibuyu vilivyofukizwa moshi. Na hakuna aliyeyagusa.

Wanawake hao wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega tangu asubuhi bila kusemezana zaidi ya salamu. Mmoja huzungumza kwa lafudhi ya Bushi, mwingine lugha ya nyumbani kwake ni Kinyarwanda. Katika miaka hii ya vita, kusikia tu lafudhi kunatosha kumfanya mtu arudishe kikombe mezani.

Jua lilipofika juu ya ziwa, Mama Joviale alisimama. Alivua glovu, moja, kisha nyingine. Akavua barakoa. Akatoka nyuma ya meza yake, akazunguka mpaka mbele ya meza ya Nshobole, mahali wanaposimama wageni.

"Nipe," alisema.

"Mama Joviale, unafanya nini?"

"Niko na kiu. Weye unauza ao unalinda?"

Jean-Bosco alifika mbio. "Mama, sheria inasema muuzaji hanywi mezani pake!"

"Na hii ni meza yangu?"

Kijana alitazama meza. Akamtazama mama.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hapa wewe ni mgeni."

Watu walianza kukusanyika. Sauti moja kutoka nyuma ikapiga kelele, nusu mzaha na nusu siyo: "Mama, utakufa!" Hakuna aliyecheka sana.

Nshobole alijaza kikombe. Alikitoa kwa mikono miwili, na Mama Joviale akakipokea kwa mikono miwili.

Angeweza kunywa fundo moja. Desturi haidai zaidi. Yeye alikinywa chote, taratibu, kichwa nyuma, koo likionekana wazi mbele ya watu wote. Hata gurudumu, wanasema, lilikuwa limesimama kuteremsha watoto, na hapakuwa na sauti ila ya ziwa.

Akashusha kikombe. Akapangusa midomo. Akangoja. Kila mtu akangoja naye.

"Tatizo ni moja tu," alisema. "Utamu huu utanimalizia meno mawili yaliyobaki."

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka mlangoni.

Nshobole hakucheka. Alikuwa tayari anavua glovu zake. Alizunguka meza, akichechemea, akasimama mbele ya vibuyu vya maziwa. "Na miye niko na kiu," alisema. Mama Joviale akarudi nyuma ya meza yake, akavaa glovu, akamtilia. Nshobole akanywa mpaka mwisho, na maziwa yakamwachia masharubu meupe.

Je, waliogopa? Wote wawili wanajibu bila aibu.

"Niliogopa sana," Nshobole anasema. "Nilisali Salamu Maria nzima ndani ya tumbo. Sikumwogopa yeye. Niliogopa vile vitu vyote tulivyoambiwa kuhusu batu ba kwao. Vilikuja vyote pamoja, vikasimama kwenye koo. Halafu maziwa yakapita."

"Miye pia niliogopa," anasema Mama Joviale. "Lakini kiu ilikuwa ya kweli. Toka asubuhi ninasikia harufu ya ile mutobe, na hakuna mutu ananipatia. Mutu anaweza kuogopa na kuwa na kiu, vyote viwili."

Wa kwanza kusogea alikuwa Charline. Alimbeba Olive, akamsogeza kwenye meza ya mutobe, na safari hii mkono mdogo ulipofika kwenye kikombe hakuna aliyeupiga. Mtoto alikunywa vitatu. Nyuma yao foleni ilikwishafika kwenye bembea.

"Ninasuka nywele za watu wa kila namna," Charline anasema. "Wananiachia kichwa chao, lakini sijawahi kunywa chai kwa yeyote kati yao. Siku ile nilijiuliza, kama huyu amekunywa kwa yule, miye ni nani wa kukataa?"

Jioni vibuyu vya jetoni vilipopimwa, cha Nshobole kilikuwa kizito kuliko vyote. Cha Mama Joviale kilifuata, kwa jetoni chache tu.

"Niliumia, nisikudanganye," Mama Joviale anasema. "Hata miye nilikuwa ninataka kukaa. Batu bananiuliza, kama usingeonja ya mwenzako, kibanda si kingekuwa chako? Ninawaambia, hapana. Kingekuwa cha yule wa sambaza!"

Kabla ya kufunga, Jean-Bosco aliwaita wote wawili kwenye gurudumu. Hakuna kati yao aliyewahi kupanda. Walikaa kwenye kiti kimoja wameshikana mikono kama wasichana, na gurudumu likawainua juu ya miti, juu ya paa, mpaka ziwa lote likafunguka chini yao, jeupe kama kioo. Upande wa pili ulisimama Nyiragongo, ule mlima wa volkano, na moshi wake mwekundu, na kutoka ubavuni mwake ulimi mrefu mweusi wa jiwe ulishuka mpaka Kibati.

"Nilitafuta pahali nyumba yangu ilikuwa," Nshobole anasema polepole. "Nikapaona. Ni padogo hivi, kama ukucha. Na nje yake yote ni majani, majani, majani, mpaka Masisi. Mama Joviale akanionyesha milima ya kwao. Nikamwonyesha upande wa kwetu. Kutoka kule juu yote ni kitu kimoja. Tulilia tu, na upepo ukatukausha."

Leo, saa tatu na nusu, foleni ya kibanda cha buluu inapasuka katikati. Mama Joviale anapita na vibuyu vyake viwili, akielekea Birere, ambako bado anauza kwa kutembea.

"Umechelewa," Nshobole anamwambia.

"Ng'ombe hawana saa."

Anafunua kitambaa, anakunywa kikombe chote, kichwa nyuma. Kijana aliyekuwa analalamika anamtazama kwa mdomo wazi. Kisha foleni inaanza kusonga.

Kibanda kimebadilisha mambo. Goti limepungua uvimbe, na kwa Jumamosi moja Nshobole anauza zaidi ya alivyouza kwa wiki nzima ya kutembea. Wateja wa kawaida wamekwisha kumzoea, wangekunywa hata bila kuonjewa. Yeye hataki.

Mipango yake iko kwenye sikukuu ijayo. Kwa sheria, aliyepata kibanda haruhusiwi kushindana tena, kwa hiyo meza ataiacha nyumbani. Anachotaka ni Mama Joviale naye apate kibanda, akae.

"Nitalipa mlangoni kama kila mutu," anasema, macho yakimfuata mwenzake anayepotea kwenye vumbi la barabara na vibuyu vyake. "Nitafika mbele ya batu bote, nisimame mbele ya meza yake. Na kuanzia jana yake sitakunywa hata maji. Ninataka siku ile nikuwe na kiu."