Waliniambia nimepiga picha ya unyevu wa Kigombe, kumbe ni angahewa ya nyota

Habari zenu wakuu,

Naandika nikiwa bado na tabasamu la jana, na chumvi sitii hata punje.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Kigombe hapa Tanga, na nasoma masters. Thesis yangu inahusu nyota kubwa zilizopoa. Zimepoa kwa viwango vya nyota, msije mkadhani barafu. Chuma kikifika huko kinayeyuka.

Ukichambua mwanga wa nyota hizo ukawa rangi rangi kama upinde wa mvua, unaona mistari mipana ya giza. Ni alama ya oksidi ya titani, molekuli ambayo joto likizidi inavunjika.

Kwa darubini yangu yenye kamera nikapiga picha za mwanga wa Antares uliochambuliwa hivyo, ile nyekundu ya kundi la Nge, wiki nzima. Nikazipeleka chuoni kwa jopo linalopima thesis yangu, kwa mbwembwe zote.

Mwenyekiti akacheka. "Kijana, mistari hii ni ya mvuke wa bahari. Umetupigia picha hewa ya Kigombe."

Nikapewa nafasi moja ya mwisho. Nikikosa, masters ndiyo basi.

Wakuu, iliniuma! Nilirudi nimenuna mpaka mama mwenye nyumba wangu, Mpemba anayeuza samaki wa kukaanga, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza.

"Hilo tu mwanangu? Mteja akidai mafuta yangu yanuka, mie nakaanga samaki mwengine mafuta yale yale. Akitoka mzuri, basi aliyeoza ni yule wa kwanza."

Muda wote nilikuwa nimeng'ang'ania nyota moja, nyingine naziona za kunipotezea muda.

Siku hiyo baada ya isha nikapiga Antares, kisha hapo hapo Spika, nyota ya moto yenye weupe wa buluu, zote zikiwa kimo kimoja angani. Hewa ileile, kamera ileile.

Antares ikatoa mistari mipana imepangana kama ngazi. Spika, vijistari vichache vyembamba tu. Ingekuwa bahari, ngazi ingetokea kwa zote mbili. Nilipiga vigelegele mwanaume mzima.

Jana nikazibandika picha hizo ukutani mbele ya jopo, moja juu, nyingine chini yake. Mwenyekiti akavua miwani, akasogea mpaka ukutani.

"Hii ni ya nyota," akasema. "Nilikosea mimi. Umefaulu."

Akaniomba nipeleke darubini chuoni niwafundishe vijana wake. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hewa nzuri iko Kigombe, waje wao. Wamekubali!

Funzo: ukibishiwa usipandishe sauti, tafuta cha kulinganisha.

Nani mwingine alichekwa kwenye kazi yake akaja kuwanyamazisha? Shusha hapa chini. Leo sina ratiba nyingine zaidi ya kutamba.