Mama Bluu na Kopo la Binti Yake

Mtaa mzima ulimwita Mama Bluu, kwa ile rangi aliyotia kwenye maji ya mwisho ili shuka nyeupe zing'ae. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na saba. "Nguo ikitoka hapa," alipenda kujitapa, "mwenyewe anaweza kubisha kwamba si yake."

Jambo moja tu lilimshinda: damu ya binti yake. Binti alizaliwa na ugonjwa wa damu wa kurithi, kutoka kwa baba na mama pia, na tangu utotoni aliongezewa damu kila mwezi. Damu hiyo ilimpa uhai, ikamwachia na mzigo: madini ya chuma yaliyojilimbikiza kwenye ini na moyo, mwili usijue pa kuyatupa. Kila mara binti alipomeza vidonge vya kuyatoa, Mama Bluu aligeuza uso, akatafuta nguo ya kukunja.

Mwaka huo kliniki ilianza utafiti. Walitaka kujua kama chuma kikizidi mwilini, bakteria wanaoishi utumboni nao hubadilika. Kila mshiriki angepeleka sampuli tatu za choo ndani ya mwaka. Binti akawa namba kumi na tisa.

"Mama, miaka yote mimi ni wa kupewa tu," alisema. "Safari hii natoa mimi."

Mama Bluu alisikia neno moja: choo. Choo cha mwanawe, kwenye meza ya wasomi! Siku mbili kabla ya sampuli ya tatu, akamkorogea dawa ya kusafisha tumbo kwenye chai, kimyakimya.

Walipofika kliniki pamoja, mtafiti, msichana mwenye miwani, alipokea kopo la sampuli akafungua fomu. "Dada, wiki hii umetumia dawa yoyote ya tumbo?"

"Hapana. Juzi liliniendesha kidogo, basi."

Kalamu ikagusa karatasi. Mama Bluu angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini ile "hapana" ingekaa pale miaka na miaka, chini ya namba ya mwanawe.

"Usiandike," alisema. "Nilimpa mimi. Kwenye chai."

"Mama!"

"Nilitaka kiwe kisafi, mwanangu."

Mtafiti alijiuma mdomo asicheke. "Mama yangu, umewafua hata hao bakteria tunaowatafuta."

Binti hakucheka. "Basi nimetolewa? Mwaka mzima bure?"

"Sampuli mbili za kwanza ni nzima. Hii ya leo ndiyo ingetudanganya. Rudi baada ya wiki sita, nafasi yako ipo. Mshukuru mama kwa kusema."

Binti hakushukuru. Alitembea mbele mpaka walipofika karibu na nyumbani. Hapo akapunguza mwendo, akamshika mama yake mkono, ule uliochubuka kwa sabuni.

"Ulivyokuwa umekodoa macho pale," alisema, "kama umeunguza suruali ya mteja."

Baada ya wiki sita, Mama Bluu alikataa katakata mtu mwingine abebe kiboksi cha barafu. Alijifunga kitenge alichokipiga pasi mara mbili, akashika njia katikati ya barabara, binti akimfuata nyuma.

"Mama Bluu!" muuza mkaa alimwita. "Umebeba nini leo, samaki?"

"Choo cha mwanangu," akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Kinasubiriwa na wasomi. Hebu nipishe."