Vizibao vya Rangi ya Chungwa

Ajida Bukari, askari wa cheo cha kati anayesimamia vijana wa kujitolea katika kituo kimoja cha polisi huko Shituru, mjini Likasi, huwafunga mwenyewe vizibao vyao vya rangi ya chungwa kila asubuhi, mafundo mawili kila upande, kwa vidole vinene kama mihogo, akinung'unika kana kwamba anafunga mbuzi wa sokoni. Bukari anakula peke yake nyuma ya kituo, maana tangu alipomkatalia mkuu wa kituo hakuna anayemkaribisha mezani. Mkuu alitaka Gaëlle, binti wa miaka kumi na saba miongoni mwa vijana hao, avue kizibao, aingie kabare, yaani baa, ya wauza nyaya za wizi na kujifanya mnunuzi. "Iko na sura ya malaika, hawatamushuku." "Chef, anaikala avenue yao ileile. Kesho watamujua, na weye utakuwa ku bureau. Kazi yake ni kuvusha batoto ya masomo, basi." "Sasa nani ataenda?" "Miye."

Akaenda kweli, saa sita mchana, na shati la maua juu ya kitambi ambacho Likasi nzima inakijua. "Bonjour, papa ajida!" kabare nzima ikamwamkia. Wanywaji wa karibu wakahamisha viti vyao, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemuuzia hata msumari. Akabaki na fanta yake iliyopoteza ubaridi, akisikiliza filimbi ya Gaëlle ikivusha wanafunzi barabarani, na kila ilipolia alinyanyua chupa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu.